Mabakuli Matano ya Bi Mbeyu

Mimi nina ulimi mkali, na sijawahi kulikana hilo. Miaka kumi na minane katika jiko la hoteli huko Diani ilinifundisha kupika haraka na kugomba haraka zaidi. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi, nilirudi kwetu Bongwe na cheti kimoja, goti bovu na wazo lililonikaa kichwani: mtaani kwetu wapo wazee wanaolala na njaa, na mimi sufuria kubwa ninayo.

Nilianza na Judy, mtu wa bara tuliyefanya naye kazi hotelini. Yeye alishika daftari, mimi nikashika mwiko. Tulijiita Kikundi cha Chungu. Wazee wetu walikuwa kumi na mmoja, na kila Jumatatu na Ijumaa tuliwapelekea wali na mbaazi, au ugali na mchuzi wa samaki, ndani ya mabakuli yenye vifuniko tuliyoyanunua hoteli ilipokuwa ikibadilisha vyombo. Hayakuwa mengi. Ukipeleka bakuli la leo, unachukua lile la juzi. Niliuona mpango mzuri sana.

Aliyeuharibu mpango huo ni Bi Mbeyu, mjane aliyekwisha pita sabini, akiishi peke yake mwisho wa njia ya mashambani. Watoto wake wote wawili walikuwa wametangulia mbele ya haki. Chakula alikipokea kwa mikono miwili na dua ndefu, lakini bakuli hakurudisha. Kila nilipoliulizia, alinijibu, "Nitakuletea mwenyewe, mwanangu." Zikapita wiki mbili na nusu, nami sijaona hata kifuniko.

"Bi Twaiba, bowl tano ziko kwa mtu mmoja," Judy aliniambia, daftari mkononi. "Na kuna wazee wengine watatu wanangoja. Labda anaziuza."

Nilipaswa kumkemea. Badala yake hasira zilinipanda, kwa sababu nami nilikuwa nimeshawaza hivyo hivyo. Nikatoa amri: asiyerudisha bakuli hana chakula. Jumatatu iliyofuata nilisimama mlangoni kwa Bi Mbeyu, wali unafuka mvuke.

"Leo sikuachii chakula mpaka unipe vyombo vyangu," nilimwambia, bila hata shikamoo.

"Basi kirudishe, mwanangu. Mungu atakulipa kwa ulichokwisha nipa."

Nikakirudisha. Nikampa mzee mwengine, na moyoni nikajisifu kwamba nina msimamo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi siku hiyo nilikuwa nimeshiba.

Wiki mbili baadaye nilikutana dukani na Mwinga, mkwezi wa minazi anayekaa karibu na yule bibi. Alinunua sabuni yake, kisha akasema tu, kama mtu anayezungumzia jua, "Kwa Bi Mbeyu sioni moshi, leo siku ya tatu."

Sikununua nilichokwenda kununua. Nilirudi nyumbani, nikakoroga uji wa mtama, nikaumimina katika chupa ya chai na kuondoka nusu nikikimbia, goti na ubovu wake. Njia nzima niliomba nimkute hai.

"Hodi, Bi Mbeyu. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwepo.

Alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba. Na pale ukutani, juu ya kibao, nikayaona mabakuli yangu. Yote matano. Yameoshwa, yamepangwa, yamefunikwa kwa kanga safi.

"Mbona yapo?" nilisema.

"Ulidhani nitauza vyombo vya watu?"

"Basi mbona hukunipa?"

Alijiinua, akakaa. "Nikupe matupu, Twaiba? Kila siku natazama humu ndani, sioni cha kutia. Muhogo umekauka. Kuku wamemalizwa na kideri. Nikasema nitangoja mvua, angalau nipate mchicha. Mama yangu alinilea nisirudishe chombo cha jirani kitupu. Na wako alikulea hivyo, nilimjua."

Ni kweli, nililelewa hivyo. Jirani akituletea futari, sahani yake ilirudi na ndizi mbili, au limau, au kipande cha sukari guru. Mwaka mmoja wa shida mama aliikalia sahani ya watu karibu mwezi mzima, akiwakwepa wenyewe njiani, mpaka shemeji yake alipotuletea mahindi. Lakini hotelini sahani hurudi tupu na chafu, zikaoshwa, zikatoka tena. Nilikuwa nimeuleta Bongwe utaratibu wa hotelini na kumshindisha nao njaa mwanamke aliyemjua mama yangu. Aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona tena.

"Nisamehe," nilisema.

Nilitaka kuongeza kwamba ayatoe matupu tu, haidhuru. Kwa mara moja katika maisha yangu niliuzuia ulimi. Kumwambia hivyo ni kumwambia kwamba yeye si jirani tena, ni mdomo wa kulishwa tu. Kwa hiyo nikamwuliza, "Leo ndani kuna nini?"

Alifikiri sana. "Chumvi."

"Chumvi yatosha."

Alisimama. Nilimpa mkono, akaukataa. Alichukua kopo lake, akatia chumvi kidogo katika kila bakuli, kwa kipimo kimoja, la kwanza mpaka la tano, hadi kopo likaisha. Kisha akafunika vizuri, akanikabidhi.

"Haya. Ahsante, jirani."

"Ahsante, jirani," nilijibu, nikayapokea kwa mikono miwili.

Hapo tu ndipo alipokubali kikombe cha uji. Akanywa funda moja, akakunja uso.

"Hauna chumvi," alisema.

Ilikuwa kweli. Kwa ile haraka sikutia hata punje. Sote wawili tukalitazama kopo tupu. Nikafunua bakuli la juu, ambalo sasa lilikuwa langu na kilichomo, nikachota kidogo kwa vidole na kumtilia katika kikombe. Hakukataa. Alikoroga, akanywa mpaka mwisho, akaniomba cha pili.