Kilo Mia Mbili na Kumi na Tisa

Jumanne asubuhi, mama yake Apeduno alikuwa akipepeta wimbi mlangoni alipofika mwanamume asiyemjua, amebeba mizani mgongoni. Alijitambulisha kuwa Oketch, karani wa mizani ya malori barabarani. Lori lililompa msichana mmoja lifti juzi kutoka Busia hadi Malaba lilikuwa limezidi kwa kilo mia mbili na kumi na tisa, na halikuongezwa hata gunia.

"Ni huyu wangu," Mama akasema. "Apeduno, kuja upimwe."

Apeduno, mwenye miaka ishirini na miwili, alitoka akishika ukuta. Alizaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu, na wiki hiyo maumivu yalikuwa yamekaa mapajani na mgongoni. Alipopanda mizani, mshale ulisimama kwenye mia mbili na sitini.

"Mwili ni arobaini na moja," Oketch akasema akiandika. "Hiyo ingine ni maumivu."

"Leo ni afadhali," Mama akasema. "Jumamosi alivunja kitanda."

Oketch akagonga muhuri, akampa Apeduno karatasi, akanywa uji, akaenda zake.

Apeduno aliikunja karatasi ile kwa furaha. Alikosa mitihani miwili akiwa amelazwa, na chuo kilimtaka alete kadi ya ulemavu kabla ya saa kumi siku hiyo ndipo airudie. La sivyo jina lake lingefutwa. Mara mbili kamati ya hospitali ilimnyima kadi kwa kuwa ugonjwa wake hauonekani. Sasa ulikuwa na muhuri.

Huko hospitali, kiti cha kwanza kilivunjika chini yake. Kamati ikamletea benchi la chuma. Daktari akaisoma karatasi, akaikubali.

"Ni ugonjwa mzito kweli, dada. Pole. Lakini unatembea?"

"Leo natembea."

"Macho? Masikio?"

"Yako sawa."

"Sasa tiki nitaweka wapi?"

Akamgeuzia fomu. Wakainama pamoja juu yake, wakaitafuta nafasi mstari kwa mstari, kwa makini na kwa nia njema. Haikuwapo.

Saa kumi jina lilifutwa. Saa kumi na dakika tano akapigiwa simu na Apio, mwenzake darasani, ambaye angefanya mtihani wa ushuru wa forodha kesho yake.

"Nimesikia. Si lazima ukuje kunifundisha."

"Nilikuahidi."

"Hiyo ilikuwa kabla."

"Apio, weka chai."

Waendesha bodaboda walimjua. "Madam, hii tairi ni mpya," mmoja akamwambia kwa upole. Basi akatembea kilomita mbili, miguu ikizama kwenye udongo mwekundu wa murramu hadi vifundoni, akipumzika kila penye kalvati la kupitishia maji. Kila alipopumzika, kuinuka kulikuwa kugumu zaidi.

Alipokanyaga kibaraza, saruji ikapasuka. Apio akatandika mkeka uani, maana nyumba ilikuwa ya kupanga. Apeduno akaketi, akafungua daftari, na ardhi ikaanza kumpokea taratibu.

"Usiandike kila kitu," akasema. "Nisikize kwanza."

Sura zilikuwa tisa. Walipofika ya sita, udongo ulikuwa umemfika kifuani. Walipoanza ya tisa, Apio alilala kifudifudi ukingoni mwa shimo, sikio chini, ili asipitwe na neno.