Ya Kuuzwa Nje Tu

Mzee Syahuka alijifunza Kiswahili migodini Kilembe, enzi za shaba, na tangu siku hizo hakukiacha tena, hata nyumbani na watoto wake, hata kanisani akiombea mvua. Kilikuwa Kiswahili chake mwenyewe, kisichomwogopa mwalimu yeyote. Ndiyo maana neno moja dogo, neno ambalo mimi na wewe tunalitamka kila siku bila kufikiri, liliweza kumchezea yeye na binti yake Ketura mpaka likawatoa machozi.

Neno lenyewe ni "nje".

Shamba la mzee lilikuwa pembeni mwa Bwera, karibu na barabara ya mpakani. Nusu yake alimuuzia Haji Magidu, mfanyabiashara wa Kasese aliyeanza maisha na lori moja bovu la kubeba chumvi. Haji akajenga pale kiwanda cha kukaanga na kusaga kahawa, na serikali ikalitangaza eneo lile kuwa eneo huru. Maana yake, mitambo iliingia bila ushuru na kodi nyingi zikasamehewa, kwa sharti kwamba kahawa iuzwe ng'ambo. Senyenge ikapigwa katikati ya shamba. Huku ikabaki mibuni ya mzee, kule yakasimama mabati ya kiwanda. Ketura, ambaye mzee alimsomesha mambo ya forodha kwa hiyo hiyo kahawa, akapata kazi humo ya kuandaa hati za mizigo. Makatoni yalivuka daraja la Mpondwe kwenda Kongo, Kasindi, Beni na Butembo, na kila katoni lilipita mikononi mwake.

Sasa sikia ajabu. Mzee Syahuka alikuwa hajawahi kunywa kahawa. Maisha yake yote alipalilia, akachuma, akaanika, akauza, na jioni akanywa chai ya rangi. Kwao kahawa ilikuwa karo, ilikuwa mabati ya nyumba, ilikuwa mahari. Nani anywe mabati? Lakini kiwanda kilipoanza kukaanga, harufu ikawa inaruka senyenge kila asubuhi na kumkuta barazani.

"Hii harufu inatoka bila ushuru," alikuwa akimtania afande Blasio, mlinzi wa lango. "Mbona hauikamate?"

Siku moja upepo ukaleta pakiti tupu, ya rangi ya dhahabu, ikanasa kwenye senyenge. Mzee akaichomoa, akaipangusa, akamwita binti yake.

"Ketura, hapa iliandikwa nini?"

"Ya kuuzwa nje tu, Tata."

"Haya. Mimi iko ndani ya ile senyenge ao nje?"

"Uko nje, Tata."

"Basi uniuzie!"

Ketura alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akajaribu kumweleza. "Kisheria, Tata, mule ndani ya senyenge ndiko nje. Ni kama si Uganda. Wewe uliye huku nje ndiye uko ndani."

Mzee alimtazama, akatazama senyenge, akatazama na mibuni yake, kana kwamba mmoja wao atamsaidia. "Ninyi mulisoma sana," akasema. "Ile shamba nililima mimi, leo imekuwa ngambo."

Wakacheka wote wawili. Lakini tangu siku hiyo alikuwa ameitamani, na hakuficha. Alitaka kuinywa kahawa ya shamba lake kabla hajafa. Na kufa kwenyewe hakukuwa mbali. Daktari wa Kasese alikuwa amempima, akamwambia Ketura pembeni kwamba moyo wa mzee umechoka, asipandishe vilima, asitembee safari ndefu, asichukue jembe. Ketura alirudi nyumbani siku hiyo akamkuta baba yake anapogolea mibuni, akamnyang'anya panga huku analia, na mzee akadhani amemkosea.

Utasema, si angemletea pakiti moja ndani ya kitenge? Wengine walifanya hivyo, nao wakapona. Ketura hakuwa mtu wa namna hiyo. Alijua kwamba kitu kikitoka langoni bila kulipiwa ni magendo, kiwe katoni au kijiko, na kwamba leseni ya Haji inaweza kwenda na kazi za watu wote mle. Alimwomba basi Haji amruhusu mzee aingie, akainywe kwenye chumba cha kuonjea. Haji, mtu mwema, akakubali mara moja. Aliyekataa ni mzee.

"Niingie shamba yangu Blasio akinipapasa mifuko? Wee! Halafu ninywe ya kupewa, nimesimama? Mimi sitaki ya kupewa. Nataka kununua. Muzungu ananunua, Mukongomani ananunua. Na mimi ninunue, nikae, ninywe."

Basi Ketura akasema moyoni kwamba baba yake atanunua. Naye akaapa kwamba hataigusa kahawa ile mpaka baba yake awe ameinywa, ingawa wenzake ofisini waliinywa kutwa nzima.

Njia ya halali ilikuwepo. Haji mwenyewe hakuwa ameifikiria. "Watu wa huku ni wa chai, binti yangu," alisema. Ketura akamng'ang'ania. Sheria, alimweleza, haikatazi kuuza ndani ya nchi. Inataka uombe ruhusa kwa mamlaka ya maeneo huru, na watakuruhusu sehemu ndogo tu ya mali yako, kwa kuwa nyingi lazima iendelee kwenda ng'ambo. Hiyo sehemu ndogo ikivuka lango inahesabiwa kama bidhaa iliyotoka nchi ya kigeni. Inalipiwa ushuru wa forodha, inalipiwa kodi ya ongezeko la thamani, inapimwa ubora kama bidhaa nyingine zote, na inakaa kwenye stoo yake bila kuchanganywa na ile ya safari. Ukipenda, unafungua na kampuni nyingine, ya huku, iwe ndiyo inayonunua kutoka kwako na kuuza madukani.

"Yaani nitaiingiza nchini kahawa ya Bwera, kutoka Bwera, kuja Bwera?" Haji aliuliza.

"Ndiyo, Haji. Na utailipia."

Haji akatikisa kichwa, kisha akacheka, kisha akatia sahihi.

Ketura akaanza kukimbia. Kasese, Kampala, Kasese tena. Wakaguzi wakaja wakapima stoo kwa futi, wakasema ukuta uongezwe. Ukaongezwa. Wakaja wa ubora wakachukua kahawa ya kupima, wakakaa nayo mpaka wakasahauliwa. Mvua za kwanza zikaisha, mibuni ikachanua maua meupe, na mzee akaanza kupumua kwa kelele usiku. Kila Ketura aliporudi safarini alimkuta barazani anasubiri.

"Imefika wapi?"

"Imebaki kidogo, Tata."

"Hata mimi nimebaki kidogo," mzee alisema mara moja, na Ketura akaingia ndani haraka asimwone uso.

Hatimaye ruhusa ikatoka. Ushuru ukalipwa. Ubora ukapita. Ketura alirudi siku hiyo kwa bodaboda toka stendi, akimhimiza kijana aongeze mwendo, na moyoni tayari alikuwa anamwona mzee na kikombe. Alipofika langoni afisa wa forodha akachukua pakiti, akaigeuza, akasoma. "Sasa hii mtaiuzaje ndani? Si imeandikwa nje tu?"

Kweli bwana! Mambo yote yalikuwa tayari isipokuwa lile neno. Pakiti mpya ilibidi zichapwe Kampala, zisiwe na maandishi hayo. Ketura alikaa chini pale pale langoni. Jioni akamweleza baba yake, polepole, kwa aibu, kama mtoto aliyevunja chungu.

Mzee hakukasirika. "Kumbe shida ni ile neno tu," akasema. "Iko ya mutu wa nje."

"Ni wiki chache tu, Tata. Zinachapwa."

"Sawa, mama. Sawa."

Ijumaa, moja ya siku mbili za soko la mpakani, Ketura alienda kazini. Mzee akavaa koti lake la kanisani, akachukua fimbo, akashika njia ya Mpondwe. Bodaboda hakupanda. Jirani aliyemkuta njiani alimuuliza anaenda wapi na jua lile, akajibiwa, "Naenda nje." Jirani akadhani ni mzaha wa mzee, akapita zake.

Ng'ambo ya daraja, Kasindi, ndiko alikoolewa Tabisa, dada mdogo wa mzee. Ndiye aliyempigia Ketura simu alasiri, sauti imekatika.

"Ketura, kuya. Yaya yangu, baba yako, alikufia hapa kwetu."

Ketura alivuka daraja bila kujua amevukaje. Alimkuta baba yake amelazwa kwenye mkeka, koti limefungwa vifungo vyote, vumbi la barabara lingali kwenye viatu. Tabisa alimsimulia huku akijipiga kifuani. Kaka yake alifika amechoka, anatoka jasho, lakini anacheka. Alikuwa amepitia dukani, amenunua pakiti mbili kwa pesa yake. Alimwambia dada yake achemshe moja. Akakaa kitini, hakukubali mkeka. Akanywa kikombe, akaomba cha pili.

"Alisema iko muzuri," Tabisa alisema. "Alisema, kumbe ndiyo hii nilikuwa nalima. Kisha akasema atalala kidogo. Ile pakiti ingine akatia mu mfuko. Akasema ni ya Ketura, yeye anaogopaka magendo."

Walimrudisha jioni kwa pikapu ya kukodi, Ketura ameketi nyuma na kichwa cha baba yake mapajani. Mpakani wakasimamishwa. Zamu ilikuwa ya Jolly, afisa wa forodha aliyemjua Ketura kwa miaka, maana ndiye aliyegonga mihuri kwenye hati zake zote. Jolly alimkumbatia, akalia naye, kisha akafanya kazi yake, kwa kuwa maiti nayo ina karatasi zake. Palikuwa na mahali pa kuandika nchi anakotoka marehemu. Ketura, ambaye alikuwa amejaza hati za nchi inakotoka bidhaa kiasi cha kujaza lori, hakuweza kuandika. Jolly akamwandikia.

Halafu Ketura akatoa pakiti kwenye koti la baba yake, akaiweka mezani. Hakuna aliyemwomba. Ndivyo alivyozoea, kutangaza kila kitu.

"Na hii," akasema. "Imetoka eneo huru, ikauzwa ng'ambo, sasa inarudi. Sijui ushuru wake ni kiasi gani."

Jolly aliitazama pakiti, akamtazama na yeye. "Hii moja? Hii ni ya matumizi ya nyumbani, dada. Haina shida. Watu si wanapita hapa kila siku na sukari yao, na sabuni yao? Pita nayo tu."

Ketura aliichukua pakiti, lakini hakupita.

Alikuwa anaijua hiyo. Jamani, alikuwa anaijua! Kila mama wa sokoni Mpondwe anaijua. Shangazi Tabisa alikuja Bwera kila Jumanne ya soko, na kikapu chenye nafasi ya kutosha kubeba pakiti moja toka dukani kwao Kasindi, na mzee angemlipa pesa yake, akakaa barazani kwake, akanywa. Miezi ile yote. Lakini Ketura alikuwa anafikiri kwa makatoni. Sheria ya makatoni aliifuata mpaka mwisho, hakukosea hata mstari mmoja, na ile ya kikombe kimoja haikumjia kichwani.

Akapiga ukelele uliowafanya watu wa foleni wageuke. Jolly hakuelewa. Alidhani ni uchungu wa msiba tu, akampepea kwa ile hati.

Walimzika mzee kati ya mibuni yake, upande wa huku wa senyenge. Haji Magidu alikuja, naye akatia udongo kaburini.

Pakiti mpya zilifika matanga yakiwa yameisha. Zilikuwa nzuri, nyekundu kama kahawa iliyoiva, na lile neno halikuwepo. Haji akafungua duka Bwera mjini, akamwomba Ketura alisimamie siku ya kwanza, kwa kuwa kazi ilikuwa yake. Watu walijaa. Mama mmoja wa Munkunyu, mkulima, mikono imekwaruzwa na matawi, alinyanyua pakiti akainusa.

"Nasikia kuna ile ya nje na hii ya ndani," akasema. "Ipi tamu?"

Ketura alifungua mdomo, akakumbuka pakiti ya dhahabu iliyo nyumbani, ndani ya koti la kanisani, haijafunguliwa.

"Sijui, mama," akajibu. "Ya nje aliinywa Tata."