Kiburi cha Héritière

Shemeji yangu Gaston alifika Johannesburg kutoka Bukavu na sanduku moja na Kiswahili chake. Sanduku liliibiwa Park Station siku hiyohiyo, kwa hiyo msimlaumu akikilinda kilichobaki. Katika flati yetu ya Joubert Park alitoa amri: ndani ya mlango huu, hakuna Kiingereza. Yeye mwenyewe husema "eish" na "sharp" za vijana wa hapa kutwa nzima, lakini sheria ni za watoto.

Basi binti yake Héritière, wa miaka saba, alipoanza kutoitika, Gaston aliujua ugonjwa papo hapo. Kiburi. Mtoto anaitwa, anakodolea macho ukuta, kope zinapepesa, kijiko kimesimama hewani. Kisha anaendelea na uji wake kana kwamba aliyeitwa ni jirani.

"Munaona?" Gaston alifoka. "Anasikia muzuri, hapendi tu kujibu mu Kiswahili. Amesha kuwa Muzulu!"

Dada yangu Marthe, anayesuka vichwa vya watu tangu asubuhi na kurudi hana nguvu ya kubishana, alikubali. Adhabu ikawa kukariri Zaburi kwa Kiswahili; akikatika katikati ya mstari, anaanza upya. Alikatika sana. Niliposema huenda mtoto anaumwa, niliambiwa mimi sijazaa. Hoja nzito hiyo, haina jibu.

Shuleni nako kulikuwa na wataalamu. Mwalimu aliwaita wazazi akawaeleza, kwa upole wa kutia hasira, kwamba Héritière anazubaa darasani kwa sababu nyumbani anasemeshwa "lugha ya kwao", na Kiingereza hakimwingii. Kwa hiyo nyumbani kosa lilikuwa Kiingereza, shuleni kosa lilikuwa Kiswahili, na mtoto katikati anatazama ukuta.

Jumamosi moja mama wa Kizulu wa mlango wa pili alitugongea, amefura. Alikuwa amemkuta Héritière amesimama katikati ya barabara, robot, yaani taa ya barabarani, imeshageuka, teksi zinapiga honi. Alimwita kwa Kizulu, akamwita tena, mtoto kimya, mpaka akamvuta kwa mkono. Sasa alitaka kujua ni Wakongo gani hawa wanaofundisha watoto kudharau wakubwa.

"Lakini Kizulu anakipenda," Gaston alisema.

Akaishia hapo. Nilimwona anakaa kwenye kiti polepole. Miezi mingi nilikuwa nikiingoja siku atakayonyamazishwa, na ilipofika sikuifurahia hata kidogo. Niliogopa.

Kliniki, daktari alimpa Héritière kipande cha karatasi akipulize, apulize tena, asipumzike. Mara karatasi ikaacha kutikisika. Macho ukutani, kope zinapepesa.

"Jibu daktari!" Gaston alifoka kwa mazoea.

Daktari alimwambia hawezi kujibu. Kwa sekunde hizo hasikii lolote. Ni kifafa cha utotoni, kile kisichoangusha mtu: fahamu hukatika na kurudi, mara nyingi kwa siku, na vidonge kwa kawaida hukituliza. Lugha haihusiki. Gaston aliuliza mara mbili kama ana hakika na hilo la mwisho.

Vidonge vilikubali, taratibu. Jioni moja Gaston alikuwa jikoni, akaita kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetafuta chumvi.

"Héritière."

"Papa!" Alikuja mbio, akasimama mlangoni akimtazama baba yake kwa mshangao. "Papa, leo umeniita muzuri."

Gaston alitabasamu. "Mama, siku zote ninakuitaka hivi. Ninaanza pole-pole."

"Hapana," alisema mtoto, kwa Kiswahili safi ambacho baba yake alikuwa amekililia miaka yote. "Siku zote unaanza na kelele."

Marthe aliacha kukata vitunguu. Gaston akabaki ameukodolea macho ukuta, akihesabu miito ya pole-pole ambayo mtoto hakuwahi kuisikia.