Kumi Inatazamana na Nne

Baba yangu ana saa ya mkononi ambayo nimekatazwa kuigusa, na mimi ndiye fundi saa wa mtaa huu. Watu wanatoka mbali kuniletea saa zao. Yeye tunaishi nyumba moja, na saa yake inadanganya kila siku mbele ya macho yangu.

Si kwamba ni mbovu. Inatembea vizuri kuliko mwenyewe. Ila baba aliipanga mishale yake ifuate mdomo: ikiwa saa moja asubuhi, mshale mfupi uko kwenye moja. Sisi wengine wote tunatazama saba tunasema moja, wala hatuoni ajabu. Baba aliona ni upuuzi. "Niandikiwe saba, nisome moja? Kwani mimi mlevi?"

Miaka thelathini na miwili alikuwa karani wa kituo cha hali ya hewa, na mara moja kwa mwaka alipanda mlima kusoma pipa la kupimia mvua lililofungwa chini kidogo ya kilele. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wenzake walilala njiani kwenye hema. Yeye alisema baridi ya hema si ya mtu mwenye mke.

Jumamosi hii ilikuwa zamu yangu. Wazo lilikuwa la shoga yangu muuza dawa, ambaye duka lake limepakana na langu. Alikuwa amekusanya watu sita, amepata kibali na mtu wa kutuongoza njia, na kwa wiki saba mimi na yeye tulikuwa tukipanda na kushuka ngazi za jengo letu, ghorofa nne, mgongoni begi lililojaa chupa za maji. Majirani walitucheka mpaka wakachoka. "Fundi, umesahau nini huko juu kila siku?" aliniuliza mama wa ghorofa ya pili. Nikamjibu nimesahau ujana wangu, akiuona anirushie dirishani.

Nilicheka nao. Lakini ukweli ni kwamba sikutaka kupanda mlima. Nilitaka kupanda mlima na baba, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nina miaka arobaini na tisa, na tangu nilipokuwa na tisa nimemngoja mtu mmoja aniambie "twende". Mtu huyo sasa ana themanini na moja, na kutoka kitandani kwake hadi sebuleni tumemwekea kiti cha kupumzikia njiani.

Jumatano jioni muuza dawa alikuja na orodha yake, akaitandaza mezani.

"Kuondoka hapa saa kumi na moja alfajiri," alisoma. "Maji lita tatu kila mtu. Koti la mvua. Soksi jozi mbili. Saa saba mchana, popote mtu alipo, anageuka, hata kama kilele anakiona kwa macho."

"Saa sita na nusu," alisema baba kutoka kwenye kochi. Tulidhani amelala.

"Shikamoo, baba," alisema muuza dawa.

"Marahaba. Saa sita na nusu. Ikifika saba ukungu umeshakaa. Na lita tatu za nini? Kuna chemchemi chini ya mawe meusi, mkono wa kushoto. Mnabeba maji kuyapelekea maji?"

Akainuka, akasogea mezani na fimbo yake, akatupandisha mlima kwenye kitambaa cha meza. Kikombe chake cha chai kilikuwa geti. Kiberiti kilikuwa msitu wa mianzi: hapo msiongee, mtapoteza pumzi bure. Kijiko kilikuwa mgongo wa mlima: hapo vaeni makoti kabla hamjasikia baridi, maana ukishaisikia umechelewa. "Na mwenzako akikaa chini usimwambie 'bado kidogo'. Mwambie ukweli, ataamua mwenyewe." Kidole chake kilipofika kwenye bakuli la sukari, ambalo ndilo lilikuwa kilele, kilitulia hapo muda mrefu.

"Na lile pipa," aliniambia bila kunitazama, "uchungulie kama bado lipo."

Roho ikaniuma. Nilimwona wazi: hakuwa ananipangia mimi safari. Alikuwa anafunga mzigo wake mwenyewe.

"Siendi," nikasema.

Muuza dawa aliweka kalamu chini. "Shoga! Wiki saba za ngazi?"

"Magoti yananisumbua."

"Magoti yako nayajua, dawa nakuuzia mimi. Hayana kitu."

Baba alitikisa kichwa polepole. "Mwache. Hata zamani hakutaka."

"Nani hakutaka?" niliuliza.

"Wewe. Viatu nilikutafutia, saa nikakuvika. Ukakataa."

Muuza dawa ana akili zake. Alikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni, akaaga.

"Sikukataa," nikamwambia baba.

Nilikuwa na miaka tisa. Jioni ya kuamkia safari yake, baba alivua ile saa akanifunga mkononi. Ilipanda ikanifika karibu na kiwiko. "Mlima haumwamshi mtu," alisema, "na mimi simwamshi mtu. Saa kumi nikukute umevaa viatu." Viatu vyenyewe vilikuwa vya binamu, vimejazwa magazeti kwa mbele. Na wiki hiyo hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha kusoma saa: usiseme namba unayoiona, sema inayotazamana nayo. Saba inatazamana na moja. Kumi inatazamana na nne. Nilikuwa wa kwanza darasani kuelewa, na siku zile nilijisikia kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Nikaamka gizani. Kulikuwa na mwanga kidogo kutoka mlangoni, nikaitazama saa. Mshale uko kwenye kumi. Kumi inatazamana na nne, kwa hiyo ni saa nne ya usiku, bado mapema mno. Nikajifunika tena, huku nikijisifu kwamba sikudanganyika. Nilipoamka jua lilikuwa ukutani na baba alikuwa mlimani.

Niliona aibu kusema. Bingwa wa saa darasani, amekosea saa! Nikanyamaza, nikangoja mwaka uzunguke anialike tena. Hakunialika. Uliofuata pia hapana. Hata jina alilonipa, Dakika, kwa sababu kila nikiitwa nilijibu "dakika moja, baba", aliacha kuniita. Nikajua amenichoka kwa uzembe wangu. Labda ndiyo maana nikawa fundi saa; sijui, na sipendi kuchimba.

Yote hayo nilimwambia pale mezani, kwa mara ya kwanza, msitu wa mianzi nimeushika mkononi.

Baba alikizungusha kikombe chake cha chai. Kisha akasema, "Nilikuwa mlangoni."

"Mlango gani?"

"Wa chumba chako. Nilisema siamshi mtu, lakini nilikuja. Nikafungua, taa ya korido ikakumulika. Ukaamka. Ukaitazama saa, vizuri kabisa, ukajifunika. Nikasema basi, mtoto hataki, na asiyetaka haburutwi mlimani. Nikangoja uje uniombe mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa nangoja uniambie."

"Miaka arobaini?"

"Miaka arobaini, baba."

Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, akavuta kitambaa cha meza afute macho, na mlima wote ukateleza. Geti likamwaga chai hadi kwenye orodha ya muuza dawa. "Kuuliza si ujinga," alisema. "Sisi tulikuwa wajinga wawili wenye adabu."

Nililia bila kujificha. Nilitamani kuwa na yule baba wa mlangoni, mwenye magoti mazima na begi mgongoni. Neno moja tu lingetosha, langu au lake.

Alianza kufungua mkanda wa saa. "Ichukue uirekebishe. Imeninyima mwenzangu wa safari."

"Iache," nikasema. "Haikukosea. Ilisema saa kumi, na ilikuwa saa kumi."

Ijumaa nilifunga begi. Nilitega simu, na saa mbili za mezani kutoka dukani, zote zilie saa kumi na dakika tano, kwa kuwa zile dakika tano za mwisho ndizo tamu kuliko zote. Hakuna hata moja iliyoniamsha.

Kilichoniamsha ni mwanga. Mlango ulikuwa wazi, taa ya korido imewashwa, na baba amesimama hapo akihema, fimbo mkono mmoja, viatu vyangu mkono wa pili. Sijui aliondoka kitandani kwake saa ngapi. Kile kiti cha kupumzikia alikuwa amekipita.

"Dakika," aliniita. "Amka. Ni saa kumi."

Nikatazama mkono wake. Mshale ulikuwa kwenye kumi.

"Nimeamka, baba," nikasema, nikanyoosha mikono kupokea viatu.