Kikopo cha Mama Mkwe

Kama kuna mtu aliyeupiga vita ugoro katika nyumba ile, ni Fundi. Alishona nguo za watu katika chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, na kila mama mkwe wake alipotia mguu humo na kikopo chake cha bati, cherehani ilinyamaza na hotuba ikaanza. Ugoro unachafua. Ugoro unanuka. Mtu mzima na akili zake anajijazaje vumbi puani? Mama mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alisikiliza mpaka mwisho, akanusa chake kidogo, akapiga chafya ya raha, kisha akatoka kwenda kukaa kwenye kiti chake nje.

Mambo yaliharibika mwezi uliopita, Bibi alipoacha matone ya kahawia kwenye shati la mteja. Mume wa Fundi hupaka rangi nyumba za watu, na hasira zake huja kwa nadra, lakini zikija huja na mizigo. Alimwambia mama yake taratibu kabisa: "Mama, doa lingine kwenye nguo ya mtu, utakwenda kukaa kwa dada." Kwa dada Bibi alishawahi kukaa, akarudi amekonda. Kule wote hushinda kazini, na wakitoka hufunga mlango kwa nje. Tangu siku hiyo ugoro haukuingia tena chumba cha cherehani.

Leo mchana Fundi alikuwa anamalizia gauni la harusi ambalo mwenyewe angelifuata jioni. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi, na lesi ya kifuani ilikataa kulala. Gauni limevikwa sanamu, yeye amesimama mbele yake, pini amezibana kwa midomo kama ilivyo kawaida ya mafundi. Anachomoa moja, anaichomeka, anachomoa nyingine. Kikopo kilikuwa kwenye ukingo wa dirisha, upande wa nje, Bibi alipokiacha akaenda kuoga. "Hii ndiyo dawa ya kichwa," huwa anasema. "Inafungua mpaka kisogoni."

Fundi alichungulia barabarani. Hakuna mtu. Akanyoosha mkono, akafungua kifuniko, akachota. Bibi huchota kiasi cha kushikwa na kucha. Yeye alichota kama anayetia chumvi kwenye sufuria ya watu wengi. Akavuta kwa pua zote mbili, akarudisha kikopo mahali pake.

Kwanza ulikuwa moto. Kisha machozi. Kisha, loo, kitu kikafunguka katikati ya paji la uso na maumivu yakatoka mbio. Alirudi kwenye gauni akicheka kimoyomoyo, na hapo ndipo chafya ilipomkuta. Mtu mwingine angefungua mdomo, mambo yakaisha. Fundi alikuwa na pini. Chafya huanza kwa kuvuta pumzi, na kuvuta pumzi ilikuwa ni kumeza pini. Alibana midomo kwa nguvu zake zote, na chafya nzima ikapitia puani.

Alipofumbua macho, kifua cha gauni kilikuwa kimetapakaa matone ya kahawia. Kabla hajajua afanye nini, mlango ukafunguliwa. Mume wake alikuwa amerudi kula.

"Hiki nini?" Aliona gauni, akaona kikopo dirishani. "Mama! Njoo hapa!"

Bibi alikuja na taulo begani, ananukia sabuni. Alitazama gauni. Alitazama kikopo chake, kifuniko kimefungwa upande. Halafu akamtazama Fundi usoni, na macho yake yakabaki hapo. Mwanawe alikuwa bado ameinamia gauni. Bibi alisogea, akamfuta Fundi chini ya pua kwa ncha ya taulo.

"Usilie, mwanangu. Nguo ni nguo tu." Kisha akamgeukia mwanawe. "Nilipita hapa nikapiga chafya. Ni mimi."

"Basi kusanya vitu vyako, mama. Nilishasema."

Pini zilikuwa bado mdomoni. Mtu hasemi na pini mdomoni, sivyo? Fundi aliing'ang'ania sababu hiyo muda wote Bibi alipokuwa anakunja nguo zake chumba cha pili. Alikata maua kwenye mabaki ya lesi, akayashonea juu ya madoa, na pini hakuzitoa, hata zile asizozihitaji tena. Nafsi ilimsuta vibaya. Na aliogopa nini hasa? Kuchekwa. Hotuba zake zote kumrudia. Kwa aibu ndogo kama hiyo alikuwa anampeleka mama wa watu kwenye mlango unaofungwa kwa nje. Maua yalikaa vizuri, hakuna ambaye angegundua, na hilo lilimuumiza zaidi.

Bibi alitoka amevaa viatu vyake vya safari, mwanawe ametangulia na begi. Alimtia Fundi kikopo mkononi.

"Baki nacho. Kule sina wa kumpigia chafya." Akainama sikioni mwake. "Siku nyingine, toa pini kwanza."

Fundi alitema pini zote kiganjani. "Ni mimi!" alimwambia mume wake. "Ugoro nilinusa mimi. Doa ni langu."

Mume alicheka bila furaha. "Acha kumkingia mama kifua. Wewe na ugoro?" Na mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa.

Basi Fundi akafungua kikopo, akachota, akavuta mbele yake. Safari hii mdomo ulikuwa wazi, lakini pua nazo hazikubaki nyuma. Mume alitazama matone ya kahawia kwenye shati lake. Akatazama gauni. Akaweka begi chini.

Hakuna aliyecheka. Bibi aliketi kwenye kiti cha wateja, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Nilijua utasema," alisema bila kuinua uso. "Lakini mwanangu, ulikuwa unangoja nini mpaka nikavaa viatu?"

Fundi alifungua mdomo. Hamkuwa na pini hata moja ya kusingizia. Akapiga magoti, akamfungulia kamba za kiatu cha pili.