Fahari Yenye R

Mwezi huu nimemaliza vitabu vitatu, na nilivimaliza mbio kwa sababu ya kabati.

Kabati la vitabu la kanisa letu, hapa karibu na Kiganjo, ninalitunza mimi tangu mume wangu, Baba Beth, alipotangulia mbele za Bwana. Sasa Shiku wa kwaya akalitaka la kutundikia majoho.

"Shosho, hivyo vitabu vinasomwa na wewe na panya," aliniambia, maana nyanya kwetu ni shosho.

Nikamjibu kwamba panya angalau anafika mwisho wa ukurasa.

Mzee wa kanisa, Theuri, akaamua hivi: Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya matangazo, nisimame niwaeleze watu nimesoma nini. Akipatikana hata mmoja wa kuazima kitabu, kabati litabaki. Asipopatikana, ni la kwaya.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini kusoma ninasoma. Siku ikafika, nikasimama.

Nilianza na kile cha upelelezi. Nikawaambia mwizi nilimjua ukurasa wa tisa, yule karani, kwa sababu aliingia nyumbani kwa watu akakataa chai mara mbili. Mtu mwenye roho safi hakatai chai mara mbili. Mpelelezi, na masomo yake yote, alihitaji kurasa mia mbili. Watu walicheka, lakini hakuna aliyekitaka. Nani asome, na mwizi nimeshamtaja?

Cha pili ni cha ushauri wa ndoa, na kimeandikwa na mwanamume. Anasema mke amsikilize mume akirudi jioni. Nimetafuta mbele na nyuma, sijaona pahali ameandika mume arudi saa ngapi.

"Hicho kifungie, Mama Beth," akasema Sophie kutoka nyuma. "Wangu akikisoma atakiamini."

Kikabaki kimoja, hadithi ndefu inaitwa Fahari ya Mjane. Hiki kilinifanya nilie mara mbili na kuunguza githeri mara moja. Lakini sisi watu wa huku, r na l tunazitenganisha kwa kalamu tu. Mdomoni mwangu fahari ya kujivunia na fahali wa zizini ni mapacha. Mimi nikaendelea tu, nikasema mjane huyu alibaki na fahari yake peke yake, mashemeji wakaitaka, naye akaishikilia kwa mikono miwili mpaka wakachoka.

Benchi la wazee likaamka. Kahiga, mfugaji, ambaye husinzia tangu wimbo wa kwanza, akainua mkono.

"Mama Beth, huyo alikuwa wa aina gani?"

Nikadhani anauliza juu ya fahari. "Ya kimyakimya. Lakini ukiikanyaga, utajua."

"Hao ndio wabaya," akasema Kahiga. "Hata mimi niko na mmoja. Nitasoma hicho."

"Asimweke na mwingine," akasema Wahome kando yake. "Fahari wawili hawakai zizi moja."

Hapo ndipo nilipoelewa. Theuri alikuwa ameshafungua daftari la kuazima, Shiku amenuna. Ningenyamaza tu, kabati lingebaki. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya Bwana, sio sokoni Karatina.

"Mzee Kahiga, sio fahari," nikasema. "Ni fahari."

"Si ndio nimesema?"

"Ni ile ya r. Sio ile ya r."

Akamgeukia Wahome, na Wahome akainua mabega. Nikaona niseme wazi.

"Hakuna ng'ombe ndani yake, mzee. Hata ndama."

Kanisa lote likacheka, Shiku kuliko wote. Theuri akafunga daftari. Kahiga hakucheka.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kama hakuna ng'ombe, hao mashemeji walikuwa wanataka nini?"

"Walitaka awainamishie kichwa, hapo kwa boma ya mume wake."

"Akainama?"

Nilifungua mdomo kumwambia, nikaufunga. "Hiyo iko ndani."

Kahiga alitazama kile kitabu kama mtu anayepewa dawa chungu. Kisha akainuka, akamwambia Theuri, "Lete kalamu."

Jumatano nikamwona amesimama kwa mlango wangu, kitabu kwapani, kidole ndani ya ukurasa. Nikamkaribisha chai, akasema hana wakati.

"Huyu shemeji mdogo," akasema, "ni mtu wa wapi? Ni wa huko Kiriaini? Kuna maneno nataka kumwambia."