Nafasi ya Sifuri

Mwaka ule wa tisini na sita, aliyegusa kompyuta pale Nyeri alirudi nyumbani na maringo, ati sasa ni mtaalamu. Waithira hakuringa. Mumewe, Kihara, alimwandikisha masomo ya kompyuta apate cha kushikilia akili. Tangu wamzike Kingori, kifungua mimba wao, mama huyu alipika, akafua, akajibu salamu, na moyoni hakusikia chochote. Jina la mtoto hakulitaja tena. Sasa alikuwa mjamzito, na mama mkwe ameshaamua: akizaliwa mvulana aitwe Kingori, jina la mzee, babake Kihara, lirudi mahali pake. Waithira hakukubali, hakukataa. Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye hata huo uchungu hakuuona.

"Leo ni safu," alisema mwalimu Yasin, kijana wa Majengo. "Mnayajua masanduku ya posta? Ukuta mmoja, visanduku vingi, kila kimoja na namba yake. Safu ndiyo hiyo: jina moja, nafasi nyingi. Haya, andikeni safu ya watoto wenu."

Waithira alimweka Gatimu nafasi ya moja, Watiri ya mbili. Alipoiambia mashine isome, ilitoa mstari mtupu, kisha Gatimu, kisha Watiri.

"Imeharibika," akasema.

"Haijaharibika, mama. Namba zinaanzia sifuri. Umeruka nafasi ya kwanza."

"Sifuri si ni bure?"

"Hapa si bure. Ndipo anapokaa wa kwanza."

Peris, mwanamke wa Naro Moru aliyeketi naye, alichungulia skrini. "Wewe si ni Waithira Gatimu? Basi hii Gatimu ni jina ya babako. Kijana wa kwanza si huitwa babake bwana, wa pili ndio babako? Huyo ako wapi?" Kisha akaelewa, masikini, akajiziba mdomo.

Waithira aliandika Kingori kwenye sifuri, herufi moja moja.

"Nikitaka kuweka Kingori mwingine?" akamuuliza mwalimu.

"Ukimweka hapo hapo, wa kwanza anafutika."

"Kabisa?"

"Kabisa. Mashine haitajua kama aliwahi kuwapo. Afadhali uongeze ukubwa wa safu pale juu, umpe huyo mpya nafasi yake mwisho."

"Na majina yakifanana?"

"Yafanane tu. Kila mmoja ana namba yake."

Akaongeza. Kingori, Gatimu, Watiri, Kingori. Peris alimpa leso, lakini hakukuwa na chozi la kupangusa.

Jioni alimkuta mama mkwe jikoni akichagua njahi, yale maharagwe meusi.

"Mama, akiwa mvulana, aitwe Kingori."

"Ngai akubariki! Sasa ile nafasi imejazwa."

"Haijajazwa. Ile ina mwenyewe. Huyu ni wa nne."

Mama mkwe aliangusha njahi zilizokuwa mkononi. "We! Watoto hawahesabiwi! Unataka kuwaletea mkosi?"

"Sihesabu, mama. Nawataja tu." Waithira akaketi kando yake, akaokota njahi zilizoanguka, akaanza. "Kingori," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu wamzike, jina likamuuma. Hakuweza kufika kwa Gatimu.